Meli za Hamilton kutoka Marekani: unachopewa bure na utakacholipia

Kiwanda cha meli cha Avondale, New Orleans, kilijenga meli 12 za doria za daraja la Hamilton kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Walinzi wa Pwani wa Marekani walizitumia kwa zaidi ya miaka 40, kisha zikaanza kugawiwa nchi rafiki: Ufilipino 3, Nigeria 2, Bangladesh 2, na nyingine zikaenda Vietnam na Sri Lanka. Kwa kukaa baharini muda mrefu, ni vigumu kupata chombo cha mtumba kinachozishinda. Gharama ya kuziendesha ni habari nyingine.

Tuanze na bodi. Urefu ni mita 115, upana 13, uzito karibu tani 3,250 meli ikiwa imejaa. Inaweza kukaa baharini siku 45, ina sitaha ya helikopta, na imezoea kaskazini ya Pasifiki, hivyo kusi ya Bahari ya Hindi haitaitisha. NNS Thunder ya Nigeria, zamani Chase, ilifika hadi Sydney kwenye maonesho ya majini ya Oktoba 2013. Mwili wa chini ni chuma, lakini majengo ya juu ya sitaha ni alumini, na hapo ndipo pa kukaguliwa kwanza: nyufa kwenye pembe za milango, na kutu pale alumini inapokutana na chuma. Mchomeleaji wa chuma wa kawaida asiguse alumini hiyo. Kiraka chake hupasuka tena pembeni mwa weldi.

Injini ndizo zinazoamua kama zawadi itaelea au itafungwa gatini. Kuna dizeli 2 za Fairbanks-Morse, kila moja nguvu farasi 3,500, na tabaini 2 za gesi za Pratt & Whitney FT4, kila moja nguvu farasi 18,000. Dizeli na tabaini hazisukumi shafti moja kwa pamoja. Unatumia hii au ile.

Dizeli tunazipenda. Kila moja ina silinda 12 na pistoni 24. Ndani ya silinda moja pistoni mbili zinatazamana, ya juu na ya chini, na mafuta hulipuka katikati yao. Hakuna silinda hedi, hakuna valvu za moshi, hakuna gasketi ya hedi ya kuungua. Ila kuna krankshafti mbili, yaani shafti zinazozungushwa na pistoni, na ukitaka kubadilisha slivu (ganda la ndani) ya silinda ni lazima uinyanyue ya juu kwanza. Hiyo ni kazi ya winchi na mafundi waliokwisha kuifanya, si ya kujifunzia ukiwa katikati ya doria. Kosa la kawaida ni kuziacha zikiunguruma bila mzigo kwa saa nyingi. Kaboni huziba matundu ya moshi, oili hutapakaa kwenye ekzosi, na siku zikipewa mzigo wa ghafla ekzosi inaweza kushika moto. Zipewe mzigo wa kutosha mara kwa mara. Uzuri ni kwamba kiwanda chake kule Beloit, Wisconsin, bado kipo, na spea zinapatikana kwa anayelipa.

Tabaini ni mtego mtamu. Zinaipa meli kasi ya noti 29, na kwenye picha zinapendeza. Lakini FT4 ni ya ukoo mmoja na injini za Boeing 707 za zamani: inakunywa mafuta bila huruma, na mafundi wake wengi wamestaafu. Chumvi ikiganda kwenye kompresa, sehemu inayosukuma hewa ndani ya tabaini, hewa hupungua, joto hupanda na mapanga ya tabaini huungua. Kompresa ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari, na vichujio vya hewa visisubiri bajeti ya mwaka ujao. Jeshi lisiloweza kufanya hivyo lipange doria zake zote kwa dizeli tangu siku ya kwanza.

Jambo ambalo wajumbe wa makabidhiano hulisahau ni umeme. Meli inatumia umeme wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Nigeria, Bangladesh na Sri Lanka, kama Kenya na Tanzania, zina hezi 50. Ukiiunga moja kwa moja na umeme wa gati, mota zitazunguka polepole kwa karibu asilimia 17, presha ya pampu itashuka na vipoza hewa vitapata moto. Ni ama kununua mashine ya kubadili hezi, ama kuacha jenereta za meli zikiwaka mchana na usiku hata ikiwa imefungwa.

Usidhani pia utapata kila unachokiona kwenye picha za zamani. Kabla ya Hamilton yenyewe kukabidhiwa Ufilipino mwaka 2011 na kuitwa BRP Gregorio del Pilar, ilivuliwa mzinga wa Phalanx, wa kutungua makombora, na rada ya kutafuta ndege. Ulibaki mzinga wa milimita 76. Kwa doria dhidi ya wavuvi haramu na maharamia unatosha kabisa, dhidi ya kombora meli iko uchi. Bei ya chombo ilikuwa sifuri, lakini matengenezo ya makabidhiano yaliigharimu Manila kama peso milioni 450, zilizotoka kwenye mapato ya gesi ya Malampaya.

Matumizi nayo hayakukosa mikasa. Agosti 2018 meli hiyohiyo ilipanda mwamba wa Hasa-Hasa. Mapanga ya rafadha (propela) za meli hizi hugeuzwa kwa haidroliki, kwa hiyo kugonga mwamba kunaweza kumaliza pia sili na mitambo iliyo ndani ya shafti. Mei 2020 dada yake, BRP Ramon Alcaraz, iliyokuwa ikirudi kutoka Oman, ilishika moto kwenye chumba cha injini muda mfupi baada ya kuondoka Kochi, India, na mabaharia 2 wakaungua.

Je, chombo cha aina hii kingefaa kwetu? Hapana, kwa maoni yetu. Wamarekani waliiendesha na watu wapatao 160. Kenya ilipopokea kutoka Ufaransa mwaka 2011 meli ya doria ya daraja la P400 iliyoitwa La Rieuse, sasa KNS Harambee II, ilipata chombo cha mita 54 chenye mabaharia wasiofika 40, kisicho na tabaini. Kwa pwani ya Kenya na Tanzania, ukubwa huo ndio wenye hesabu inayolipika.

Kwa nchi yenye bahari pana inayoitaka Hamilton hata hivyo, haya yadaiwe kabla ya sahihi: vipimo vya unene wa bamba za bodi kwa mawimbi ya sauti, majibu ya maabara ya oili za injini zote, jaribio la baharini la kila tabaini kwa nguvu kamili saa 4 mfululizo, na vitabu vyote vya ufundi. Wahandisi wapande meli miezi kadhaa kabla, wakati wafanyakazi wa zamani bado wamo, maana ndio wanaojua valvu ipi hukwama. Spea za miaka 2 zipakiwe humohumo kabla meli haijaondoka Marekani.