Mchele wa ofada: wa pakiti au wa kupima?

Anayetaka kupika wali wa ofada nyumbani kwake Lagos siku hizi ana njia mbili za kuupata mchele wenyewe. Ya kwanza ni pakiti za maduka makubwa, zilizofungwa vizuri na kuandikwa kwamba mchele uliomo hauna mawe. Ya pili ni kwenda sokoni, kwa mfano Daleko kule Mushin, ambako mchele umejazwa kwenye magunia na mabeseni, na muuzaji anakupimia kwa kopo la derica. Wa pakiti na wa kupima huuzwa kwa jina moja, na wauzaji wa pande zote mbili watakuhakikishia kwamba wao ndio walioutoa Ogun. Nimepika wa aina zote mbili kwa muda mrefu, kwa mchuzi uleule wa ayamase, ule wa kijani wa pilipili, na kwenye jiko lilelile la gesi, na tofauti niliyoiona inatosha kubadilisha chakula chote mezani.

Ofada ni mji mdogo wa Jimbo la Ogun, katika eneo la Obafemi-Owode, si mbali na barabara kuu itokayo Lagos kwenda Ibadan. Mchele uliobeba jina la mji huo leo hulimwa pia katika majimbo mengine ya Wayoruba, zaidi kwenye mashamba ya nchi kavu yanayotegemea mvua, na kwa desturi haukobolewi mpaka ukawa mweupe. Punje zake ni fupi na nene, nyingine zina michirizi ya kahawia au nyekundu kwa sababu sehemu ya pumba imeachwa, na hazilingani rangi wala ukubwa. Mnunuzi asiyeujua huweza kudhani kuwa ni mchele hafifu, kumbe kutolingana huko ndiko alama ya kwanza ya kuutambua.

Alama ya pili, ambayo mimi huipa uzito kuliko zote, ni harufu. Kwa utaratibu wa zamani mpunga wa ofada hulowekwa kwa siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, kuanikwa na kukobolewa, na katika siku hizo maji huanza kuchachuka na uchachu wake kuingia ndani ya punje. Harufu inayobaki ni nzito, ina udongo ndani yake na ukali kidogo, na wapo wanaokunja pua wanapokutana nayo mara ya kwanza. Hata hivyo, harufu hiyo ndiyo inayoufanya wali huu usimame mbele ya mchuzi wenye iru, yaani mbegu zilizochachushwa, na pilipili nyingi. Ukiuweka mchuzi wa ayamase juu ya wali mweupe wa kawaida, unachokula ni mchuzi tu na wali umekuwa kibebeo. Ukiuweka juu ya ofada iliyotayarishwa inavyopaswa, unakula vitu viwili vinavyojibizana, na kila tonge lina ladha ya shamba na ya jiko kwa pamoja.

Hapo ndipo mchele wa pakiti unapopungukiwa. Wengi wanaoutayarisha kwa ajili ya maduka makubwa hufupisha muda wa kuloweka, hutumia maji ya moto, na hukoboa zaidi kidogo ili punje zipendeze machoni pa mteja aliyezoea mchele wa kutoka nje. Nia yao naielewa. Tangu Benki Kuu ya Nigeria ilipouingiza mchele katika orodha ya bidhaa zisizopewa fedha za kigeni mwaka 2015, na hasa baada ya mipaka ya nchi kavu kufungwa Agosti 2019, mchele wa ndani ulipata nafasi ambayo haukuwa nayo, na ilikuwa jambo la busara kumvuta mnunuzi aliyekuwa akiulalamikia kwa mawe na harufu. Mawe yameondoka kweli, na hilo ni jema. Lakini katika pakiti kadhaa nilizofungua harufu nayo ilikuwa imeondoka kabisa, na wali uliopatikana ulikuwa wa kahawia kwa rangi tu, laini mno, usio na lolote la kuukumbuka.

Si pakiti zote zilizo hivyo, na kuna njia ya kuzichuja kabla ya kulipa. Chagua pakiti yenye dirisha la plastiki angavu na uutazame mchele kwenye mwanga: ukiona punje zote zimekaribia weupe na zinafanana, iache. Zile ambazo michirizi ya kahawia inaonekana waziwazi, na baadhi ya punje zina wekundu, zina nafasi kubwa ya kukupa wali wenye ladha. Ikiwa umeshainunua, fungua kona na unuse kabla ya kuosha. Ofada nzuri hujitangaza hata ikiwa kavu. Kwa mchele wa sokoni kazi ni rahisi zaidi, maana unaruhusiwa kuchukua konzi moja, kuisugua kati ya viganja na kuinusa hapohapo. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia, na mchele uliochanganywa na aina nyingine hujulikana kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa harufu yake hupoa mara baada ya kusuguliwa.

Tatizo la mchele wa kupima ni mawe, na sitaki kulipunguza. Mpunga mwingi bado huanikwa chini, na changarawe huokotwa pamoja nao. Kuupepeta kwa ungo husaidia kuondoa makapi, lakini vijiwe vyenye ukubwa wa punje haviondoki kwa upepo. Dawa yake ni kuuopoa kwa maji. Weka mchele kwenye bakuli pana, mimina maji mengi, uvuruge kwa mkono, kisha uinamishe bakuli polepole juu ya bakuli la pili ili maji yatoke yakiwa yamebeba mchele kidogo kidogo. Punje huelea na kusafiri na maji, mawe hubaki yamelala chini, na ukitikisa bakuli kwa mwendo mdogo wa mviringo utayasikia yakikwaruza kabla hujayaona. Rudia mpaka bakuli la kwanza libaki na mchanga mtupu na punje chache za mwisho, ambazo ni afadhali kuzitupa kuliko kuzing'ang'ania. Kazi hii huchukua muda, na kwa mtu anayerudi kutoka kazini saa 2 usiku baada ya foleni za Lagos, ni sababu ya kutosha ya kuchagua pakiti.

Upishi wa wali wenyewe hautofautiani sana. Mchele uliooshwa huchemshwa kwanza katika maji mengi kwa dakika 10 hadi 15, maji hayo yakamwagwa, mchele ukasuuzwa, kisha ukarudishwa jikoni na maji mapya yanayoupita kimo kidogo, pamoja na chumvi. Kuanzia hapo moto uwe mdogo na mfuniko ubane. Mchele wa sokoni, kwa sababu ya pumba iliyobaki, unahitaji muda mrefu zaidi na unaweza kudai maji ya kuongeza mara moja au mbili. Wa pakiti huiva mapema, na ukiuacha bila kuutazama huvurugika. Usiukoroge kwa mwiko wakati wowote, kwa kuwa punje hizi fupi hushikamana zikisumbuliwa. Wali ulioiva vizuri huwa umevimba, kila punje inang'atika, na ukiufunua mvuke wake hujaza nyumba nzima.

Mchuzi wa ayamase unastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana bila huo kuupima mchele huu hakuna maana. Ni mchuzi wa kijani unaohusishwa sana na watu wa Ijebu na Remo katika Jimbo la Ogun, na hutengenezwa kwa pilipili hoho mbichi za kijani, ata rodo, ambayo ni jamaa wa pilipili mbuzi, vitunguu, iru, kamba wadogo waliokaushwa, mayai ya kuchemsha, utumbo na ngozi ya ng'ombe iitwayo ponmo. Pilipili na vitunguu visagwe vikiwa na chembechembe, visilainike kama uji, kisha vichemshwe peke yake mpaka maji yake yaishe. Hatua hiyo ikirukwa, mchuzi hubaki chapachapa na mafuta hayawezi kujitenga juu yake.

Kisha kuna mafuta. Ayamase hupikwa kwa mafuta ya mawese yaliyochomwa hadi wekundu wake ukapotea, na hii ndiyo sehemu inayowaogopesha wapishi wengi wa nyumbani. Mimina mafuta kwenye sufuria kavu kabisa yenye mfuniko unaobana, washa moto wa wastani, fungua madirisha yote, na usiondoke jikoni. Baada ya dakika 10 hivi, kutegemea wingi wa mafuta, harufu hubadilika kutoka ile ya mawese mabichi na kuwa kavu, yenye moshi, kama ya njugu zilizokaangwa sana. Zima moto hapo, na usifunue sufuria mpaka ipoe, kwani mafuta yenye joto la namna hiyo yakikutana na hewa hutoa moshi mzito na yanaweza kushika moto. Ukifunua baadaye utayakuta yamekuwa ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Ni kweli kwamba kuyachoma hivyo huondoa karotini iliyomo, na anayejali afya anaweza kuyachoma nusu tu. Mchuzi utakuwa na wekundu kidogo, ladha itapungua makali, lakini bado utaliwa kwa furaha.

Yakishapoa kidogo, mafuta hurudishwa kwenye moto, vitunguu vilivyokatwa hukaangwa, na iru hufuata. Iru ni mbegu zilizochemshwa kwa saa nyingi, zikamenywa na kuchachushwa, na Wahausa huzijua kwa jina la dawadawa. Kwa mchuzi huu chukua iru woro, yenye mbegu nzima, si iru pete iliyopondeka. Ukiinunua mbichi sokoni ni bora kuliko ile iliyokaushwa, na inakaa vizuri kwenye friza ikiwa imefungwa mara mbili, vinginevyo kila kilichomo humo kitanukia iru. Baada ya hapo huingia nyama zilizokwishachemshwa, kamba, pilipili iliyokaushwa maji, na mayai mwishoni. Moto mdogo na subira vitafanya mengine, mpaka mafuta yaelee juu.

Mchuzi wa ayamase wa chupa, unaouzwa tayari, niliujaribu pia kwa ajili ya tathmini hii. Unafaa kwa dharura, lakini niliouonja ulikuwa na chumvi nyingi na iru kidogo, na pilipili yake ilikuwa imesagwa laini kupita kiasi. Ukiwa nao, ukaangie vitunguu na iru yako mwenyewe kabla ya kuupasha.

Kuhusu bei, ofada kwa kawaida ni ghali kuliko mchele mwingine wa ndani, na wa pakiti ni ghali kuliko wa kupima. Naira hupanda na kushuka, kwa hiyo ushauri wa maana ni kulinganisha kwa kilo: mpelekee muuzaji wa pakiti na yule wa derica mizani moja, ndipo utajua unalipia nini. Majani ya ewe eran, ambayo kwa desturi hutumika kuupakulia au kuufunga wali huu, hupatikana sokoni kwa fedha kidogo, na ukiufunga ungali wa moto kwa dakika chache jani huongeza harufu yake ya kijani ambayo sahani haiwezi kuitoa.

Kwangu mimi, mchele wa kupima ndio ninaoupikia wageni na siku za mapumziko, na pakiti iliyochaguliwa kwa makini ndiyo ninayoiweka kabatini kwa siku za kazi. Anayeanza kabisa aanze na pakiti yenye michirizi mingi, azoee muda wake wa kuiva, kisha ndipo aende sokoni. Popote atakapoununua asilimbikize, kwa sababu pumba iliyobaki ina mafuta yanayochacha upesi kwenye joto. Ununuzi wa mwezi mmoja, katika chombo chenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu, unatosha.