Ngome ya Manorbier, Wales: ndogo lakini nendeni kabisa

Wale mlioko Uingereza na mnapanga kwenda pwani ya Pembrokeshire msiishie Tenby tu, sogeeni kidogo mpaka Manorbier mkaone ngome ya Wanormani, wale wavamizi waliotoka Ufaransa. Treni ipo ila stesheni iko mbali kidogo na kijiji, kwa hiyo kama mna watoto gari ni nafuu.

Yaani ngome yenyewe si kubwa, ile ya Pembroke jirani hapo inaimeza, lakini mimi hii ndo imeniingia moyoni. Ukishapita geti unakuta uwanja wa majani, kuta za mawe zimeuzunguka, na bahari iko hapo chini tu. Ni ukoo wa de Barri ndo waliijenga, walianza na mbao mwishoni mwa karne ya 11 alafu baadae wakaja na mawe. Pandeni minarani jamani, ngazi zinazunguka, nyembamba na zina giza, mtoto mdogo mbebe mgongoni maana kigari chake hakipiti, ila ukitokea juu upepo wa bahari unakupiga usoni na ufukwe wote unauona, mpaka ile miamba myekundu pembeni.

Sasa kilichonifurahisha zaidi ni Gerald wa Wales, mwandishi na padri aliyezaliwa humu humu kama mwaka 1146, baba Mnormani, bibi mzaa mama ni Nest, binti wa mfalme wa kusini mwa Wales. Mwenyewe ameandika kwamba walipokuwa wadogo kaka zake walikuwa wanajenga ngome za mchanga, yeye anajenga makanisa, mpaka baba yake akawa anamuita askofu wangu! Mwaka 1188 akazunguka Wales na askofu mkuu Baldwin kutafuta watu wa kwenda vita vya msalaba, na kwenye kitabu cha safari hiyo akapasifia kwao kuwa ndo pazuri kuliko pote Wales, akataja bwawa la samaki na bustani ya matunda. Nilimsimulia binti yangu hayo tukiwa kule juu, hakutaka hata kumaliza kuzunguka, akanivuta mkono twende mchangani akajenge.

Kanisa dogo la ndani msilipite haraka, angalieni dari lake la mawe lilivyopinda.

Ngome ni mali ya watu binafsi na harusi hufanyika pale, kwa hiyo cheki siku za kufungua kabla hujatoka nyumbani, hasa nje ya msimu wa joto.