Mashine ya mtumba ya kuchapa skrini bila filamu: yaliyonipata Kondele

Miaka yote hapa Kondele, Kisumu, tumetengeneza skrini za kuchapia fulana, yaani fremu zenye wavu, kama kila mtu. Unachapa mchoro kwenye karatasi ya tresingi, ndiyo filamu yetu, unaipaka mafuta ya kupikia ili mwanga upite, unailaza chini ya kioo, unaomba Mungu isisogee. Kazi ya rangi moja haina shida. Ikija nembo ya shule ya rangi nne ndipo kilio, maana joto la printa limeshaikunja tresingi kidogo, rangi ya tatu inakataa kukaa mahali pake, na mwalimu mkuu anarudisha fulana.

Kwa hiyo niliposikia kuna duka Nairobi linauza mashine yake iliyotumika, ile inayochapa wino mweusi moja kwa moja juu ya emulsheni (dawa inayopakwa kwenye skrini, ikipigwa mwanga inakuwa ngumu, iliyofunikwa na weusi inaoshwa), sikulala. Muuzaji alinitumia video ikichapa safi kabisa. Nikalipa. Sikuuliza video ilipigwa lini.

Ililetwa kwa lori kupitia Nakuru na Kericho, na hakuna aliyekumbuka kufunga kibebeo cha kichwa kinachotoa wino, kikawa kinagonga huku na huku njia nzima. Ajabu, reli kinayotelezea ilipona. Kilichokufa ni kichwa chenyewe, na hakikufia barabarani. Mashine ilikuwa imekaa miezi bila kazi, wino ukakaukia ndani ya matundu. Tulipochapa mistari ya majaribio, karibu robo haikutokea. Tundu likiziba huacha ufa mwembamba kwenye weusi, mwanga unapenya hapo, emulsheni inakuwa ngumu mahali palipotakiwa kuoshwa, na fulana inatoka na michirizi kana kwamba imepigwa reki. Fundi alikiosha siku mbili, akakata tamaa. Kichwa kipya kilikula karibu nusu ya bei niliyolipia mashine nzima. Bahati yangu ni cha Epson, na mafundi wa printa za mabango wanavijua vichwa vya aina hiyo.

Halafu flashi ya leseni. Programu inayogeuza picha kuwa nukta haifunguki bila hicho kidude, na muuzaji alikibakisha kwenye kompyuta nyingine. Nikampigia. “Kwani kilikuwa na kazi, madam?” Wiki tatu nzima nilikuwa na meza ghali sana ya kuwekea chai.

Aprili mvua ikaanza, wino ukawa unatambaa kama kwenye karatasi ya shashi. Tulikilaumu kichwa kipya bure. Wino wake ni wa maji, na hewa yetu hii ya ziwa hairuhusu emulsheni ikauke, hata kama ukiigusa unadhani imekauka. Nikanunua mashine ya kufyonza unyevu na kipimo chake, nikaziba dirisha la chumba cha skrini. Unyevu ukishuka hadi asilimia 40 hivi, ukingo wa herufi unakaa kama umekatwa kwa wembe. Mashine hiyo ya unyevu ningeinunua hata ningebaki na tresingi.

Stima nayo. Ikikatika katikati ya kazi, skrini imeharibika, lakini hilo ni dogo: kichwa kinabaki wazi, nje ya kifuniko chake, na kinaanza kukauka. Betri ya akiba niliyoweka haitoshi kumaliza kazi, inatosha kukirudisha kichwa kwenye kifuniko.

Sasa? Rangi nne zinaangukia mahali pake mara ya kwanza au ya pili. Kwa kuwa hakuna kioo wala karatasi ya kuzuia mwanga, hata muda wa kuchoma skrini kwa mwanga umepungua. Ningenunua tena ya mtumba, ila ningepanda gari na skrini yangu mwenyewe iliyopakwa emulsheni, nifike asubuhi kabla hawajaiwasha, wanichapie nikiangalia.

Jirani wa Kibuye siku hizi ananiletea fremu zake nimchapie. Ile flashi nimeifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza.