Programu za mikopo ya siku saba: kasi ipo, bei na siri ya mteja hakuna

Zinazopimwa hapa ni programu za simu zinazokopesha kwa siku saba hadi kumi na nne, zile zinazokujia kwa tangazo la Facebook au kiungo cha WhatsApp, na ambazo watu wengi wameshaziweka kapu moja na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Huduma za kukopa zilizomo ndani ya menyu ya mtandao wako wa simu hazihusiki na alama za hapa.

Sifa yao ni kasi, na hilo tuwape. Hakuna dhamana, hakuna barua ya mtendaji wa mtaa, hakuna kupanda daladala kwenda ofisi ya mtu. Mama mwenye meza ya nyanya Mwanjelwa, hapa Mbeya, anaweza kuomba alfajiri na akaongeza tenga moja kabla lori halijamaliza kushusha. Kama mzigo utaisha kwa siku mbili, hata muda wa siku saba unamtosha.

Shida inaanza kwenye hesabu. Tuseme skrini imeandika mkopo wa shilingi 50,000. Inayoingia kwenye simu ni 38,000; ile 12,000 imekatwa mapema kwa majina ya heshima kama ada ya huduma, ada ya tathmini na ada ya mfumo. Siku ya saba unadaiwa 50,000 kamili. Ukitaka kujua bei halisi, gawanya 12,000 kwa 38,000, kwa sababu 38,000 ndiyo uliyoishika. Inatoka karibu asilimia 32 kwa wiki. Kikomo cha riba cha Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa 38,000 ni shilingi 1,330. Si ajabu gharama zikabatizwa jina la ada.

Kitufe kibaya kuliko vyote ni kile cha "ongeza muda". Unalipa 12,000 nyingine, unapewa siku saba, na deni linabaki 50,000 vilevile. Ukikibonyeza mara nne umetoa 48,000 na bado hujapunguza hata senti. Hapo ndipo mkulima wa viazi wa Uyole au Njombe anapoumia: viazi hukaa shambani miezi mitatu hadi minne, mahindi ya huku kwenye baridi hukaa zaidi. Mkopo wa siku saba kununulia mbolea utakuwa umezungushwa mara kumi na mbili au zaidi kabla ya jembe la kuvunia kugusa tuta. Bidhaa hii haikutengenezwa kwa ajili ya kilimo, hata tangazo lake likiwa na picha ya shamba.

Sasa ruhusa. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza huomba orodha ya majina yaliyo kwenye simu, meseji, kumbukumbu za simu zilizopigwa, wakati mwingine picha na mahali ulipo. Meseji zinasomwa kwa sababu ndani yake kuna miamala yako yote na salio lililobaki. Orodha ya majina ndiyo dhamana yenyewe. Siku ya nane meseji zinaanza kwenda kwa mkwe, mzee wa kanisa, mwekahazina wa VICOBA na mteja wako wa Tunduma: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Katika mji ambao biashara ndogo inaendeshwa kwa mali kauli, meseji moja ya namna hiyo inafunga milango mitatu.

Kufuta programu hakusaidii kwa yaliyokwisha kuchukuliwa. Orodha ilishapanda kwenye seva yao dakika ile ulipobonyeza "ruhusu". Kunazuia tu kuchukuliwa kwa mengine.

Kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa awe amesajiliwa na azitumie kwa kusudi alilolitaja. Kuna jambo ambalo wengi hawalioni: wewe unaweza kukubali taarifa zako zichukuliwe, lakini namba ya mkwe wako ni taarifa yake, na huna mamlaka ya kumkubalia. Kwa hiyo naye anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa jina lake mwenyewe. Meseji za vitisho na kudhalilisha zinaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23.

Leseni nayo ikaguliwe kabla ya kupakua. Wakopeshaji hawa wanaangukia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la pili, na Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali. Novemba mwaka huohuo ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yasiyo na kibali. Kosa la kawaida ni kutafuta jina la programu peke yake. Jina hubadilishwa kama shati. Shuka chini kwenye masharti, chukua jina la kampuni, ndilo ulilinganishe na orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu, au uliza tawi lake la Mbeya. Masharti yasiyo na jina la kampuni yameshajijibu.

Kipimo kingine cha haraka: Google Play haikubali mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60, na tangu 31 Mei 2023 imezikataza programu za mikopo kugusa orodha ya majina na picha. Kwa hiyo ya siku saba ama imedanganya kwenye maelezo yake ya dukani, ama inakuja kama faili la APK nje ya duka.

Kwa aliyekwisha kuingia: piga picha skrini ya kiasi kilichoombwa, kilichoingia na tarehe ya marejesho kabla ya kufuta chochote. Tunza meseji za miamala. Nenda Mipangilio, Programu, Ruhusa, uzime zote. Usilipe kwenye namba binafsi ya "ofisa" anayepiga. Malipo hayo huwa hayaonekani kwenye mfumo na utadaiwa tena. Hakuna mkopeshaji mwenye uwezo wa kukufungia namba ya NIDA, wakitisha hivyo puuza. Meseji za utapeli zipelekwe 15040, za kudhalilisha zipelekwe polisi pamoja na zile picha.

Kasi 9 kati ya 10, bei 1, usiri 0. Mwenye haja ya 38,000 kwa wiki moja ataipata kwa gharama ndogo zaidi kwenye mfuko wa VICOBA, na kule wanaomjua wanamjua kwa ridhaa yake.