Draivu ya mezani au nyembamba? Nilichokiona nikihamisha diski za familia yetu Kisumu

Mama alipohama kutoka nyumba yake ya zamani mtaani Migosi, tulikuta kabatini bati la biskuti lenye diski 63: VCD 22 na DVD 41, zilizorekodiwa na wapiga video wa harusi, matanga na sherehe za mahari za ukoo wetu kati ya 2003 na 2012. Ndugu zangu walinikabidhi kazi ya kuzihamisha zote ziwe faili za kompyuta kabla hazijaharibika, na kwa kuwa vipakatalishi vingi vya siku hizi havina tena mahali pa kuingizia diski, ilinibidi nitafute draivu. Nimetumia draivu mbili za aina tofauti kwa muda wa miezi mitatu.

Ya kwanza ni ile nyembamba ya nje, inayotumia kebo ya USB peke yake. Haikuwa na jina la mtengenezaji, nami niliichukua kwa sababu ni nyepesi na boksi lake liliisifu USB 3.0. Baadaye nilielewa kwamba sifa hiyo haiongezi kasi yoyote katika kazi hii. Kasi ya msingi ya kusoma DVD, iitwayo 1x, ni takriban megabaiti 1.4 kwa sekunde, kwa hivyo hata draivu inayosoma kwa 16x haipiti sana megabaiti 22, kiasi ambacho USB 2.0, yenye uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde, hukibeba bila taabu. Jambo la kuangalia ni umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900, na draivu nyembamba hutegemea umeme huo huo kuzungusha diski na kuwasha leza. Nilipoichomeka kwenye tundu la kawaida la kipakatalishi changu, ilizunguka kidogo, ikalia kama inayokwama, kisha ikatoweka kwenye skrini; nilipoihamishia tundu la USB 3.0 ilitulia. Diski zilizo safi ilizisoma vizuri, kila moja kwa muda wa robo saa hivi, lakini kati ya zote 63 ilizikataa 14.

Ya pili ni ASUS DRW-24D5MT, draivu ya ukubwa kamili iliyotengenezwa ili ifungwe ndani ya kompyuta ya mezani. Niliipata ikiwa imetumika, kwa fundi mmoja karibu na Mtaa wa Oginga Odinga, nikanunua pamoja nayo adapta ya kuunganisha SATA (kiunganishi cha draivu za ndani ya kompyuta) na USB, yenye umeme wake wa volti 12, kwa maana draivu za ukubwa huu haziwezi kuendeshwa na tundu la USB pekee. Ni nzito, inachukua nafasi, na inavuma diski inapofikia kasi ya juu. Hata hivyo, kati ya zile 14 zilizokuwa zimekataliwa, ilisoma 11 kuanzia mwanzo hadi mwisho, na miongoni mwa hizo ilikuwamo harusi ya dada yangu mkubwa, ambayo sote tulikuwa tumeshaihesabu kuwa imepotea.

Sababu ya diski hizi kusumbua iko katika namna zilivyotengenezwa. Diski ya filamu inayotoka kiwandani huwa imepigwa chapa, ilhali ile aliyoichoma mpiga video huhifadhi picha katika tabaka la rangi ya kikemikali ambalo hufifia kwa joto na mwanga wa jua, na bati la Mama lilikaa miaka mingi chini ya paa la mabati katika joto la Kisumu. Rangi ikishafifia, tofauti ya mwanga unaorudi kutoka sehemu zilizochomwa na zisizochomwa hupungua, na hapo ndipo draivu moja hupoteza njia mahali ambapo nyingine inaendelea kusoma. Kwa hivyo maandishi makubwa ya kasi yaliyo kwenye boksi hayana msaada mkubwa kwa mwenye diski za namna hii. Hiyo 24x inayotajwa kwenye jina la draivu yangu ya ASUS, kwa mfano, ni kasi ya kuandika, na kuandika siko nilikokuwa nikikuhitaji.

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kubeba diski zake mbili mbovu kabisa, moja ya VCD na moja ya DVD, na kumwomba fundi azijaribu papo hapo kabla pesa hazijatolewa. Zote mbili ni muhimu, kwa maana VCD husomwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa ya nanomita 650, na draivu iliyotumika sana inaweza kuwa imechoka upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado mzima. Fundi wangu alikubali bila kunung'unika, na hilo peke yake lilitosha kunirudisha kwake nilipohitaji kebo. Mwenye diski ndogo za sentimita 8 kutoka kamera za zamani aepuke draivu za kumeza diski kupitia ufa, achague yenye trei. Draivu ya Blu-ray sikuona haja ya kuitafuta, kwani hakuna hata diski moja ya aina hiyo kwenye bati letu.

VCD zina tatizo lao la pekee. Ndani ya folda ya MPEGAV mna faili ya DAT, ambayo ndiyo yenye video, na mtu anapojaribu kuinakili kama faili ya kawaida, mara nyingi kompyuta hukatiza kazi katikati. Hii ni kwa sababu sekta za video za VCD, yaani vipande vidogo vinavyogawa data, hubeba baiti 2,324 badala ya 2,048 za diski ya data, na nafasi hiyo ya ziada ilipatikana kwa kuacha taarifa za ziada za kusahihisha makosa. Mkwaruzo ambao DVD ingeuvumilia huiangusha VCD. Mimi nilitumia vcdxrip, programu ya kutoa video kwenye VCD, na palipokuwa na dosari picha iliruka kidogo kisha sauti ikaendelea.

Kwa DVD mbili ambazo hata draivu kubwa ilishindwa kuzimaliza, nilitumia ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, na hapa ndipo nilipofurahi kwamba sikuwa nimeigawa ile nyembamba. Programu hiyo huweka kumbukumbu ya kila sekta iliyosomeka, hivyo unaweza kuitoa diski kwenye draivu moja, ukaitia kwenye nyingine, nayo ikarudia yale mapengo tu. Sehemu ambazo kubwa ilizishindwa, nyembamba ilizipata, japo kazi ya diski moja ilichukua usiku kucha. Kumbukumbu hiyo pia iliniokoa stima ilipopotea, kwa kuwa niliendelea pale nilipoachia.

Diski moja ya VCD haikuokolewa na draivu yoyote. Mtu alikuwa ameibandika karatasi ya jina, na karatasi hiyo ilipobanduka iliondoka na ngozi ya juu yenye data, ambayo katika CD iko chini tu ya rangi nyembamba ya upande wa jina, tofauti na DVD ambayo huificha katikati ya plastiki mbili. Humo mlikuwa na sauti ya nyanya yetu akiwabariki maharusi.

Mwenye diski chache zilizotunzwa vizuri atatosheka na draivu nyembamba, mradi aichomeke kwenye tundu lenye umeme wa kutosha. Mwenye bati zima kama letu aanze na ya mezani, na akiweza, awe na ya pili kutoka kwa mtengenezaji tofauti.