Kinga ya mbu Mombasa: ununue nini kwanza

Kabla ya kutoa pesa, angalia mbu anakuuma saa ngapi. Anayeingia usiku huweza kuleta malaria. Anayeuma asubuhi na alasiri, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ndiye wa dengue na chikungunya. Mombasa tunao wote: dengue ilizuka hapa 2013, chikungunya mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo neti peke yake haitoshi.

1. Neti yenye dawa
Bado ni ya kwanza, kwa kuwa malaria humwahi mtoto mdogo na mama mjamzito. Uliza kliniki kabla ya kwenda dukani. Mjamzito na mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa bure. Ukinunua, soma lebo: iwe na deltamethrin, permethrin au alpha-cypermethrin. Yenye kiungo cha PBO pia ni bora zaidi, maana huipa dawa nguvu kwa mbu walioizoea. Neti nyingi za duara za urembo hazina dawa kabisa, na mtoto akilala mkono umegusa kitambaa, mbu humuuma kupitia matundu. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina upana wa sentimita 152 hivi. Tafuta neti ya 180 au zaidi, ibaki sehemu ya kuchomeka chini ya godoro.

Neti mpya itundike kivulini siku nzima kabla ya kuilalia, la sivyo uso utawasha. Ifue kwa maji baridi na sabuni ya mche. Jik huharibu dawa, na jua pia, kwa hiyo ianike kivulini. Ikitunzwa hivyo hudumu kama miaka 3. Maji ya kuifulia yasifike baharini wala kwenye bwawa. Dawa hii huua samaki.

2. Vifuniko vya mapipa na matangi
Hapa ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Maji ya mfereji hayaji kila siku, basi kila nyumba ina pipa au mitungi iliyojazwa, na mbu wa dengue hupenda hasa maji hayo safi. Nunua kifuniko kinachobana. Kama hakipatikani, kata kitambaa cha neti isiyo na dawa, kipite mdomo wa pipa kwa sentimita 20 kila upande, ukifunge kwa mpira uliokazwa. Kitambaa kisiguse maji, kwani mbu atatagia juu yake. Kwenye tangi la juu, funika pia bomba la kutolea maji yanayozidi. Mafundi wengi huliacha wazi.

Kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai hugandamana na ukuta wa pipa na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Sugua ndani kwa brashi ngumu kila wiki, kwa sababu yai hufikia kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10.

3. Wavu wa madirisha
Ni ghali zaidi lakini huzuia mbu wa mchana na wa usiku. Chagua wavu wa faibaglasi. Wa chuma huliwa na upepo wa chumvi, hasa nyumba zilizo karibu na bahari. Pima fremu, ongeza sentimita 5 kila upande. Kisha utazame mwanya kati ya ukuta na paa, maana ukiachwa wazi mbu wa malaria hupitia hapo.

4. Dawa ya kupaka
Yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, asilimia 20 hadi 30 hukinga kwa saa kadhaa. Inamfaa anayeshinda sokoni Kongowea au anayengoja feri Likoni. Usimpake mtoto wa chini ya miezi 2, wala kwenye viganja vya mtoto yeyote.

5. Koili na dawa za umeme
Koili hupunguza mbu, lakini moshi wake ni mbaya chumbani, ichome barazani. Ya umeme haina moshi, ila stima ikipotea nayo imekwisha.

Vifaa vya kufukuza mbu kwa sauti usivinunue: majaribio hayakuonyesha kwamba vinazuia kuumwa. Taa za buluu nazo huua zaidi nondo na wadudu wengine kuliko mbu. Pesa hiyo inatosha kifuniko cha pipa.