Ushauri nasaha kwa simu kwa wanaohudumia wakimbizi: tathmini ya mtumiaji kutoka Kasulu

Huduma ninayoitathmini ni ushauri nasaha wa simu ambao mwajiri wangu huwalipia wafanyakazi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, Tanzania. Kambi hiyo ipo tangu 1996, na wapo wenzetu waliosikiliza habari za mauaji na ubakaji kutoka Kongo, na tangu 2015 kutoka Burundi pia, hadi wakaanza kuota ndoto ambazo si zao.

Kabla ya mazungumzo ya kwanza mteja hujaza dodoso la ProQOL (kipimo cha ubora wa maisha ya kazi kwa wanaosaidia wengine), toleo la 2009, lenye kauli 30 ambazo huzipa alama 1 hadi 5 kulingana na hali yake ya siku 30 zilizopita. Ubora wake ni kutenganisha uchovu wa kazi na kiwewe kinachomwingia mtu kwa kusikiliza yaliyowapata wengine. Hupima pia kiasi ambacho mhudumu huridhika kwa kusaidia, jambo ambalo sikulitarajia. Si kipimo cha ugonjwa, na mshauri alinieleza hilo bila kuulizwa. Hakunitaka nisimulie upya mambo ya kutisha, bali aliuliza nalalaje, na nikimaliza mahojiano na mkimbizi mmoja hufanya nini kabla ya kumwita anayefuata. Jibu lilikuwa: sifanyi chochote. Sasa nanawa uso na kutembea hadi getini, na kwa kweli inasaidia.

Kasoro kubwa ni wale walioachwa nje. Huduma inawahusu waajiriwa pekee, ilhali wakalimani wetu wengi ni wakimbizi wanaolipwa posho. Mkalimani hutakiwa kutafsiri kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo ndiye anayetamka, kwa kinywa chake, "walikuja usiku wakamuua mume wangu," na pengine naye alikimbia vita hivyohivyo. Sioni hoja ya bajeti inayotosha kumnyima huyo namba ya simu.

Miadi nayo hupangwa saa za kazi, katika ofisi za makontena ambako kikohozi cha jirani husikika; mimi huzungumzia ndani ya gari. Maombi hupitia kwa meneja, na wanaohofia mikataba yao hawaombi kabisa.

Kwa mwajiriwa mwenye pa kujitenga, naipendekeza. Ila simu haipunguzi idadi ya mahojiano ya siku: mshauri alipendekeza kwa maandishi nipunguziwe ya manusura wa ubakaji, na barua hiyo bado iko idara ya rasilimali watu.